Punda wa Reale Mia

Hapo zamani, katika nchi ya Tandavu, palikuwa na fukara mmoja, jina lake Msellem bin Pandu. Hakuwa na mke wala shamba; alikuwa na kibanda cha makuti na punda kipofu, kibogoyo, aliyemrithi kwa baba yake. Ng'ambo ya mto ilikuwako nchi ya Mkumbiro, na nchi hizi mbili zilisikizana kwa kila jambo isipokuwa hesabu. Watu wa Mkumbiro waliitia mali thamani kwa bei ya sokoni siku hiyo. Watu wa Tandavu waliitia kwa bei ya siku iliponunuliwa, na bei hiyo haikubadilika hata mali ikioza.

Ikawa Sultani wa Tandavu, Hatibu bin Mkadamu, anaposa binti wa Sultani wa Mkumbiro, naye mjumbe wa huko, Mwinyi Idarusi bin Ali, akaja kutazama kama mposaji ana mali. Sultani akamwonyesha pembe za ndovu zilizopasuka na mazulia yaliyoliwa na nondo, na kila kimoja akakitaja kwa bei aliyonunulia babu yake. Mjumbe akapiga chafya, akasema, "Mashallah."

Hapo askari wakamleta Msellem na punda wake. Mshika hazina akasema, "Maulana, punda huyu alinunuliwa kwa reale mia. Kodi ni moja katika kumi, na mtu huyu hajalipa. Asipotoa reale kumi leo, tumtwalie kibanda."

Msellem alikuwa hana hata pesa moja, na masika yalikuwa mlangoni. Akasema, "Maulana, jana nilimpeleka ng'ambo kumuuza. Wakaniambia nitoe mimi fedha, ndipo wamchukue."

Watu wakacheka. Sultani akaona mjumbe ametega sikio, akatunisha kifua. "Ewe mpumbavu! Hii ni Tandavu. Kilichonunuliwa mia ni mia."

"Hata kikiwa kipofu?"

"Mia."

"Hata kikifa?"

"Mia! Wala usiniudhi!"

Basi Msellem akamvuta punda mbele. Akainama kwa adabu, akasema, "Maulana, reale kumi sina, ila kitu cha reale mia ninacho. Mpokee punda, ukate kodi yako, unirudishie tisini."

Punda akajamba.

"Punda huyu?" akafoka Sultani. "Punda huyu hafai hata..." Akakatiza usemi, kwa kuwa mjumbe alikuwa amegeuka taratibu, anazitazama zile pembe.

"Hafai hata nini, Maulana?" akauliza Msellem kwa upole.

"Hafai... hafai kusimama juani! Mtieni hazinani. Na huyu mhesabieni tisini zake."

Mshika hazina akanong'ona, "Maulana, tumeliwa!"

"Hamkuliwa, Sheikh," akasema Msellem, huku akikunja nguo yake kupokea fedha. "Mmetoa tisini, kodi ni kumi, na mmepata mia. Au kuna mahali nimekosea?"

Mshika hazina akahesabu kwa vidole, akarudia tena, asione kosa.

Mwinyi Idarusi akacheka hata kilemba kikamwanguka. Sultani akamkazia macho, akauma meno, akajitahidi asicheke. Lakini kicheko kikamponyoka puani, akacheka mpaka akashikwa mkono asianguke kitini.

Mjumbe akajifuta machozi, akasema, "Nitamwambia bwana wangu kwamba hesabu yenu sikuielewa, ila nimeona kwa macho yangu mali ikiingia hazinani kwa miguu yake. Tena nitamwambia kuwa mtu awezaye kujicheka ni mkwe mwema."

Arusi ikawa. Naye Sultani akatoa amri kwamba tangu siku ile mali ya maskini wa Tandavu ihesabiwe kwa desturi ya Mkumbiro, kwa bei ya leo. Ya kwake mwenyewe akaiacha vilevile, na katika hesabu ya hazina punda yule alikuwa hai miaka mingi baada ya kuzikwa.