Asali ya Jeshi na Ngazi ya Amri

Sogea karibu, na kabla sijafungua kinywa, apa. Apa kwamba haya hutamwambia jirani wala shoga yako, na mumeo ndiye wa mwisho kabisa kuambiwa, maana wanaume nao wana midomo, sema tu wao hawasemwi. Umeapa? Vyema. Watu elfu mbili waliapishwa hivyo hivyo katika uwanja mmoja, na kabla ya magharibi hapakuwa na jiko mjini ambalo habari hii haikupikwa pamoja na mchuzi. Basi na sisi tuipike, tusiwe nyuma.

Hapo zamani palikuwa na nchi iitwayo Uzimeni, na Sultani wake akiitwa Daruweshi. Sultani huyu alikuwa na kitu akipendacho kuliko wakeze wanne, nacho ni jeshi lake. Jeshi la watu elfu arobaini! Kila askari kumi walikuwa na mnyapara wao, wanyapara kumi chini ya akida mmoja, maakida kumi chini ya amiri, na maamiri wote arobaini chini ya Jemadari Nasibu, mtu wa masharubu marefu, ambaye hata akipiga chafya maamiri walijibu kwa pamoja, "Tumesikia, tumetii!" Juu ya jemadari akakaa Sultani, na juu ya Sultani Mungu peke yake.

Kazi za jeshi hilo hazikuwa chache. Wengine walikaa mipakani, wengine wakasindikiza misafara, wengine wakajenga upya madaraja yaliyochukuliwa na mvua, wakachimba visima, wakafukuza tembo mashambani. Na nyuma ya kila mwenye mkuki palikuwa na mpishi wake, na mshonaji wake, na mtu wa kuswaga punda. Vita vyenyewe vilikuwa haba. Katika miaka kumi walipigana mara moja tu, na nzige, na mpaka leo haijulikani nani alishinda.

Lakini jambo lililomtia Sultani kiburi zaidi lilikuwa Ngazi ya Amri. Zamani za baba yake, mlevi mmoja alisimama juu ya kichuguu katikati ya vita akapiga kelele, "Rudini nyumbani, yamekwisha!" na watu elfu nzima wakarudi kwa wake zao, wakala, wakalala. Basi Daruweshi alipotawala akaweka sheria: amri itashuka kwa ngazi, kila mkubwa aitamke mbele ya mdogo wake uso kwa uso, kwa sauti ya kusikika na wote; na ikishashuka haitenguliwi ila na amri nyingine iliyoshuka kwa njia ile ile.

"Hata mimi mwenyewe," alisema siku ya kuitangaza, "nikimwendea askari nikamwambia kinyume cha amri yake, asinisikilize. Na atakayenisikiliza nitamkata masikio!"

Watu wakashangilia sana. Kushangilia hakumgharimu mtu kitu.

Sasa, ikawa Sultani akavimba kidole gumba cha mguu, akalia usiku na mchana, na tabibu akamkataza kila kilicho kitamu. Sultani hakutaka watu wajue kwamba amekatazwa kama mtoto. Akapigisha baragumu akatangaza: "Asali yote ya ghala langu nimewapa askari wenye majeraha, wapakwe na wanywe. Mimi sitaionja tena, kwa mapenzi ya jeshi langu." Watu wakalia machozi. Mitungi kumi na miwili ikawekwa katika ghala la jeshi, ukuta kwa ukuta na jumba la Sultani, na ufunguo wa lango akapewa Bi Nunu, mpishi mkuu wa jeshi, mjane mwenye mikono minene na maneno machache.

Haukupita mwezi, mitungi minne ikawa mitupu.

Bi Nunu alikuwa na ndugu yake mdogo, Mbaruku, fundi wa kuwamba ngoma za jeshi. Mbaruku hakuwa na mbele wala nyuma. Kanzu yake moja, na hiyo moja ilikuwa na viraka kuliko kanzu. Watu walimwita mpumbavu kwa sababu kila alichoambiwa alikifanya vile vile kilivyosemwa. Akida mmoja alimwambia, "Niletee ngoma hapa mbio," naye akazunguka nayo uwanja mzima akikimbia kabla ya kumfikishia. Alikula jikoni kwa dadaye, akalala kwa dadaye, na dadaye ndiye mama aliyemjua.

Basi Bi Nunu alipoitwa barazani, Mbaruku akamfuata nyuma.

"Ufunguo mmoja, mwizi mmoja," akasema Jemadari Nasibu, akisokota masharubu. "Hesabu hii hata punda anaiweza."

"Sikuila," akasema Bi Nunu.

"Nani basi? Mitungi imejinywa?"

Sultani akashusha pumzi kama mtu mwenye huzuni kubwa, akahukumu: ufunguo uchukuliwe, na Ijumaa, kabla ya gwaride, mwanamke huyu atolewe nje ya lango la mji na furushi lake, asirudi tena maisha yake.

Mbaruku akataka kulia, lakini macho yake yakashikwa na kitu. Palikuwa na nyuki. Nyuki huyo alikuwa akizunguka ndevu za Sultani. Sultani akampunga kwa mkono, akaenda, akarudi. Mtumishi mwenye pepeo akampepea. Akaenda, akarudi, akatua papo hapo chini ya mdomo, akatulia kama aliyefika kwao. Mbaruku akatazama ndevu, akatazama dadaye, machozi yakamkauka.

"Maulana," akasema, "dada yangu haibi. Huyu akionja chumvi ya mchuzi tu huomba radhi kwa sufuria."

Sultani akacheka. "Ewe mwamba ngoma! Basi mtafute mwizi wewe. Lakini usimuulize mtu swali, usimguse mtu, wala usimtaje mtu kwa jina. Ukimpata hivyo kabla ya gwaride, dadako atabaki, nami nitakupa kanzu mpya. Ukishindwa, mtafuatana langoni."

Baraza zima likacheka, maana ni nani awezaye kumkamata mwizi na mdomo umefungwa na mikono imefungwa?

"Nimekubali, maulana. Ila niandike askari."

"Wewe?" Jemadari akashika mbavu. "Mkuki utakuangusha!"

"Nitauegemea, bwana. Niwe askari wa mwisho kabisa, ambaye chini yake hakuna mtu ila mchanga. Na amri yangu ishuke kwa Ngazi, kama sheria ya maulana ilivyo."

Sultani aliposikia Ngazi inatajwa, kifua kikamjaa. "Amri gani?"

"Kwamba atakayeingia ghalani asitoke, awe yeyote awaye."

Sultani akafikiri kidogo. Tangu ghala lijengwe, mlinzi husimama nje ya lango kubwa, mgongo ukutani, uso uwanjani. Na ghala lilikuwa na kijilango kingine, nyuma ya magunia, kilichotokea chumba cha Sultani cha kuogea, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwake pamoja na hirizi. Jeshi zima lilikisahau kijilango hicho. Akatabasamu, akamwambia jemadari. Jemadari akamwambia amiri. Amiri akamwambia akida. Akida akamwambia mnyapara mmoja aitwaye Chande. Na Chande akamwambia Mbaruku, kila mmoja kwa sauti ya kupasua masikio.

"Nimesikia, nimetii," akasema Mbaruku, na mkuki ukamponyoka ukaanguka.

Walipofika nyumbani Bi Nunu akamshukia. "We Mbaruku! Mtu hata kisu cha vitunguu kinamkata, kwenda kuomba mkuki? Umeniponza mara mbili."

"Dada, funga furushi lako, lakini usilifunge sana," akasema Mbaruku. "Utapata taabu kulifungua."

Dadaye akamrushia mwiko. Haukumpata.

Ijumaa ikafika. Walipotoka kuswali, askari elfu mbili waliokaa mjini wakajipanga uwanjani mbele ya ghala. Chande akamleta Mbaruku kazini.

"Simama hapa nje."

"Bwana mnyapara, amri ni kwamba mtu asitoke. Nikisimama nje nitalinda jua. Nifungie ndani."

Chande akaona hilo halivunji neno lolote la amri, naye alikuwa na haraka ya kwenda kupiga rangi ngao yake. Akamfungia, ufunguo akampelekea jemadari. Mbaruku akapapasa gizani mpaka nyuma ya magunia ya unga, karibu na kijilango ambacho siku nyingi alikisikia kikilia bawaba alipokuja kumsaidia dadaye kubeba mchele. Akachuchumaa.

Hakukaa sana. Bawaba zikalia. Mtu mnene akaingia kwa ncha za vidole, akachechemea mpaka kwenye mtungi wa tano, akakunja mkono wa joho, akazamisha. Akalamba. Akafumba macho. Akazamisha tena, safari hii mpaka kiwikoni.

Mbaruku akainuka, akasimama katikati ya kijilango na mkuki wake.

"Assalamu alaikum, maulana."

Sultani nusura atumbukie mtungini. "Ni... ni nani? Mbaruku? Mimi nimekuja kukagua!"

"Naona, bwana. Mtungi umekaguliwa mpaka kiwikoni."

"Nipishe."

"Siwezi. Aliyeingia asitoke."

"Amri ile niliitoa mimi!"

"Kweli, maulana, na ilishuka vizuri sana. Hii ya kukupisha haijapita kwa mnyapara wangu."

"Nitakukata kichwa!"

"Na nikikupisha utanikata masikio, ndivyo sheria ilivyo. Afadhali kichwa, kitaondoka na masikio yake pamoja." Kisha Mbaruku akalegeza sauti. "Lakini nikuambie, bwana wangu. Nikikupisha leo kwa sababu ya joho lako, kesho mtu atavaa kilemba kizuri aende mpakani, amwambie askari 'Nipishe,' naye atapishwa. Hapo mpaka utakuwa hauna mlinzi tena."

Sultani akaanza kufuta mkono kwenye gunia, na gunia lilikuwa la unga, na unga ulipokutana na asali vikapatana. Kila alivyofuta ndivyo mkono ulivyonenepa, mpaka ukawa mweupe mithili ya andazi ambalo halijatiwa mafutani.

"Tukae," akasema kwa hasira. "Askari wa nje watachoka, watakwenda zao. Nitatoka hata kesho, bila ya kuonekana."

Wakakaa. Mara baragumu likalia nje, na sauti ya Jemadari Nasibu ikaja kupitia dirisha dogo la juu: "Mlete huyo mwanamke! Mpelekeni langoni!"

Mbaruku akashtuka, na uso wake wa mzaha ukamtoka wote. Akalitazama lango kubwa, akaitazama miguu yake, asiondoke mahali pake, kwani naye alikuwa askari.

"Maulana," akasema, "wanamtoa dada yangu. Mimi nimekatazwa kumtaja mtu. Wewe hujakatazwa."

Nje zikasikika hatua za Bi Nunu, nzito, taratibu, na hakuna hata askari mmoja aliyemzomea, maana wote walikula chakula chake. Sultani akasikia ule ukimya. Akatazama mkono wake. Akaangalia mitungi minne mitupu, akakumbuka ni nani waliopaswa kupakwa asali ile. Kisha akapanda juu ya gunia, akaweka mdomo dirishani, akaita:

"Nasibu! Mrudishe huyo mama! Na ufungue hapa!"

Ikawa uwanja mzima umeganda. Jemadari akaja mbio, akafungua lango kubwa, jua likaingia. Na pale katikati ya mitungi akasimama Sultani Daruweshi, mkono wa kulia ameuficha nyuma ya joho, na nyuma yake Mbaruku na mkuki.

"Maulana! Umo humu kwa lipi?"

"Usiniulize. Toa amri kwamba aliye ghalani atoke."

Na sheria ni sheria. Jemadari akageuka akamtamkia amiri, "Sultani aliye ghalani anaamuru kwamba aliye ghalani atoke!" Amiri akamtamkia akida. Akida akamtamkia Chande. Kila mmoja kwa sauti ya kusikika na wote, na kila ilipotamkwa kicheko kilizidi kupanda matumboni mwa askari, nao wameuma midomo kwa adabu. Chande akaingia, akasimama mbele ya Mbaruku, akapaza sauti mara ya mwisho.

"Nimesikia, nimetii," akasema Mbaruku, akaondoa mkuki.

Sultani akatoka nje, uso mkavu, kana kwamba alikuwa akikagua magunia tu, na pengine angepita hivyo. Lakini jeshi la Uzimeni lina desturi yake: Sultani akitokea uwanjani, askari wote hupiga mguu chini kwa pamoja na kuinua mikuki, naye hujibu heshima yao kwa kuinua juu mkono wa kulia, na asipojibu hakuna mguu utakaosogea, hata wakeshe hapo.

Miguu elfu mbili ikapiga chini. Mikuki ikapanda. Bi Nunu, aliyekwisha kurudishwa, akasimama na furushi lake kichwani. Wakangoja. Sultani akatazama kushoto, akatazama kulia, akamtazama Mbaruku, naye Mbaruku alikuwa ameinua mkuki kama askari yeyote, macho mbele.

Kicheko kikamtoka Sultani mwenyewe, kikatikisa tumbo. Akauchomoa mkono kutoka nyuma ya joho, akauinua juu kabisa mbele ya jeshi lake lote, mweupe kwa unga, mnene kwa asali, ukichuruzika mpaka kwapani.

Bi Nunu akatua furushi.