Zimwi Aliyejigeuza Uyoga

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri. Atakayesinzia nitamtia kikapuni.

Palikuwa na zimwi mrefu kama mninga. Aliwatamani watoto wawili wa Sikudhani, lakini mlango wao ulizindikwa kwa dawa: kiumbe kibaya hakiingii mpaka mwenyeji akibebe.

Basi zimwi akawaza: mvua zimeanza, mahindi bado, mama yao atakuja msituni kutafuta uyoga wa manjano. Nitabebwa kikapuni.

Siku moja Sikudhani akaja na wifi yake, Chausiku, aliyechuma kama anayeiba. Zimwi akajigeuza uyoga wa manjano, mnono, juu ya kisiki.

"Juu nimekuona," Sikudhani akasema. "Chini je?" Akainama. "Wa kwetu huota udongoni. Wewe umeota kwenye mti." Akaupita.

Zimwi akawahi mbele, akaota udongoni.

"Juu nimekuona. Chini je?" Akaugeuza. Akakuta vipande vyembamba, vikali, kimoja kimoja kama meno. Zimwi kwa urefu wake hakuwahi kuinama akauona uyoga kwa chini. Sikudhani akauacha.

"Wifi, unachuma uyoga au unachagua mchumba?" Chausiku akamtania.

"Mchumba mbaya hurudishwa kwao. Uyoga mbaya hukuzika. Wa kwetu una mikunjo butu inayoteremka mpaka shinani, kama shingo ya mama mkwe."

"Mama yangu umwache."

Zimwi alisikia. Akawahi tena mbele, udongoni, na mikunjo yote. Chausiku akauchuma, akautia kikapuni mwa Sikudhani. "Huu huna la kusema."

Sikudhani akautoa. "Juu nimekuona. Chini nimekuona. Ndani je?"

Zimwi hakuliwaza hilo. Sikudhani akaupasua katikati. Wa kwetu ndani ni mweupe, unanukia kama tunda lililoiva. Huu ulikuwa mwekundu, ukanuka mzoga. Zimwi akapiga ukelele, nusu ikaanguka huku, nusu kule, na hazijaungana mpaka leo.

Chausiku akatazama kikapu chake. Akakimwaga chote, akaanza upya, mmoja mmoja, akigeuza.

Jioni watoto walikula ugali kwa uyoga, wakalamba chungu. Mama mkwe akauliza mbona mkwewe na binti yake wanamtazama shingo na kucheka. Wakazidi kucheka.

Hadithi yangu imefika chunguni, ikaishia hapo. Nanyi msile kwa kutazama juu tu. Usichokijua, kiache kiote.