Tasbihi ya Kadhi na Paka wa Msikitini

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wao na atusamehe sisi tunaoongeza chumvi, kwamba katika mji mmoja wa Hadhramaut aliishi mkereza tasbihi aitwaye Fundi Sa'dun, mja mcha Mungu na mkweli, lakini mtu wa taratibu kupita kiasi. Kila punje ya mpingo aliipiga msasa hadi ikawa laini kama ndewe ya sikio. Kisha akaipaka nta ya nyuki, nyembamba, akaiacha siku nzima, akaisugua kwa kitambaa cha sufu, akaanza tena. Mara saba. Tasbihi zake wajukuu walizirithi zikiwa bado zinang'aa. Wateja nao walikaribia kupata wajukuu wakizisubiri.

Kadhi Mutarrif alikuwa ameahidiwa yake kabla ya Ramadhani. Mwezi ukaandama, na nta ndiyo kwanza ya tatu. Kwa kuogopa kuvunja ahadi, fundi akachovya kidole katika samli ya mkewe, Bi Rabab, akazipaka punje zote. Zikang'aa kuliko alivyowahi kuziona, naye akazipeleka kimya kimya.

Kesho yake baada ya Alasiri, kadhi alipoketi kuvuta uradi, paka wa msikitini akampanda mapajani, akaanza kulamba punje moja baada ya moja, macho ameyafumba. Siku ya tatu watu wakasema paka anasabihi. Siku ya tano wakawa wanambusu kadhi mkono, na mlangoni kwa fundi wamejipanga wanaotaka tasbihi kama ile.

Fundi akakosa raha. Akisema kweli, jina alilolijenga kwa miaka thelathini limekwisha. Akinyamaza, waumini wanamtukuza Mola kwa samli. Akamweleza mkewe, akitumaini kufarijiwa.

"Kumbe samli yangu nilikuwa nikiwasingizia panya," akasema Bi Rabab. "Sasa bwana, huyo paka utamwachia usheikh mpaka lini?"

Ijumaa, watu walipokwisha kuswali, fundi akasimama mbele yao akakiri yote. Watu wakalia. Wakasema, tazameni unyenyekevu huu, mtu anaificha karama yake kwa kujisingizia. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kumwombea dua. Mwishowe akatoka, akarudi na kibakuli, akaazima bakora ya Mzee Ghailani, ambaye mji mzima ulimjua kwa kukoroma kwenye hotuba, akaipaka samli. Paka akashuka mapajani kwa kadhi, akaenda kuilamba bakora kwa khushui ileile.

Waliokuwa wakilia wakafuta machozi. Kisha mmoja mmoja wakakumbuka kwamba tasbihi walizonazo nyumbani zingali nzima. Fundi akainamisha kichwa, akingoja hukumu.

"Kaa, fundi," akasema kadhi. "Wewe umenyamaza siku chache, na umesema. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Mtu aliyefunga hakosi kuisikia harufu ya samli saa ya Alasiri." Akaitazama mikono yake. "Nilinyamaza kwa sababu tangu nizaliwe sijawahi kubusiwa mkono kiasi hiki."

Akamrudishia tasbihi, akamtaka aimalize kwa nta. Fundi akamjibu kwamba nta haishiki juu ya samli. Itabidi aikwangue yote, arudi kwenye mti wenyewe, aanze msasa upya.

"Basi wewe anza," akasema kadhi, "nami nianze."

Ndugu zangu, nilikisikia kisa hiki safarini. Nikamcheka fundi, nikamcheka Mzee Ghailani, na nilipofika kwa kadhi kicheko kikanikauka; kwani nami nimepita miji mingi nikiitwa sheikh kwa ajili ya ndevu tu, na sikumbuki kumsahihisha mtu. Mola atujaalie kukwanguliwa mapema, na kwa mkono wa huruma.