Sumaku Mbili za Gita la Mzee Mwasandube

"Sumaku zote nzima, moja igeuke." Ndivyo Bibi Tusekile alivyowaambia jana wale majirani wawili wanaogombania mpaka, nanyi mmekuja kuniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Kaeni. Yalitoka hapa hapa Tukuyu, katika kibanda changu cha kutengenezea redio, na chanzo chake ni hiki.

Mzee Mwasandube alikuwa mpiga gita wa bendi ya dansi. Kiharusi kilipoua mkono wake wa kushoto, gita lake la umeme likawekwa chumba cha nyuma, chini ya paa linalovuja. Alikuwa na wana wawili, wote wapiga gita. Mkubwa, Ambilikile, alibaki na bendi ya baba. Mdogo, Lusajo, aliokoka, akaenda kupiga kwenye kwaya. Mkubwa aliona mdogo ameikimbia kazi ya baba. Mdogo aliona mkubwa ameng'ang'ania baa. Wakaacha kutembeleana.

Mzee alipojua kwamba hana muda mrefu, aliniita akanipa lile gita. "Lifufue," akasema. "Nataka kulisikia mara moja tu, swichi ikiwa katikati."

Hapo lazima niwaeleze. Chini ya nyuzi za gita la umeme kuna vipande viwili vya sumaku, vimezungushiwa waya mwembamba kama unywele. Hivyo ndivyo vinavyonasa mtetemo wa nyuzi na kuupeleka kwenye amplifaya. Sisi tuliviita sumaku tu. Ukipandisha swichi inalia moja, ukiishusha inalia nyingine, ukiiacha katikati zinalia pamoja. Sauti ya Mzee Mwasandube, ile iliyowainua watu vitini, ilikuwa ya katikati.

Sumaku zake zilikuwa zimekufa kwa unyevu. Yeye mwenyewe akawaagiza wanawe kila mmoja atoe moja kwenye gita lake. Wakatoa, lakini kila mtu alileta yake kwa wakati wake, asionane na mwenzake. Nikang'oa nyaya kuukuu, nikatandika mpya, nikazifunga zile sumaku, kisha nikawaita wote wawili.

Swichi juu, sauti nzuri. Swichi chini, nzuri vilevile. Katikati, sauti ikakonda kama ya mtu anayeongelea ndani ya kopo.

"Fundi, sema kweli," Lusajo akaanza. "Sumaku ya kaka imechoka. Imevuta moshi wa baa miaka yote hii."

Ambilikile akacheka bila furaha. "Ya kwako imezoea mapambio. Ikisikia rumba inaona dhambi."

Nilizipima moja moja, nikazibadilisha nafasi, nikazipima tena. Ndipo nikasema, "Sumaku zote nzima. Ila zimezungushiwa waya kinyume, kila moja kwa namna ya huko ilikotengenezwa. Hii inaposukuma, ile inavuta, basi zinamezana sauti. Moja igeuke. Ni kubadilisha nafasi za nyaya zake mbili tu, huu ukae mahali pa ule."

"Igeuke ipi?"

"Yoyote. Sauti itakuwa ile ile."

"Basi geuza ya kwake," akasema Ambilikile. "Yangu usiiguse."

"Na yangu usiiguse," akasema Lusajo. Wakaondoka, huyu akashika njia ya sokoni, yule ya kanisani.

Nilikwenda kumweleza mzee. Nikamwambia naweza kugeuza moja kimyakimya, wasijue. Mkewe alikuwa kando ya kitanda, akanitazama kama anayenisihi nifanye hivyo. Mzee akatikisa kichwa. "Ukigeuza wewe," akasema, "gita litapona. Wanangu je? Waache wageuze wenyewe. Nitangoja."

Alingoja. Gita likabaki ukutani kwangu, na hakuna aliyekuja. Kisha asubuhi moja ya mvua nikasikia kilio kutoka nyumbani kwake, nikajua mzee hangoji tena.

Siku ya mazishi Ambilikile alikuja kibandani, viatu vimejaa tope. Alisimama mlangoni. "Geuza yangu," akasema.

Nikawasha chuma cha kulehemu. Nilikuwa nimeshamaliza, moshi bado unapanda, Lusajo alipoingia kwa haraka bila hodi.

"Fundi, geuza yang..." Akamwona kaka yake.

"Imeshageuzwa ya kaka yako," nikamwambia.

"Geuza na yangu! Sitaki watu waseme nilimshinda kaka yangu msibani."

"Zikigeuka zote mbili, zinarudi kumezana kama mwanzo."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

Ambilikile akamshika bega. "Kaa hivyo hivyo, mdogo wangu. Mimi nimekwisha kugeuka. Wewe pokea tu." Akachukua gita, akampa Lusajo alibebe.

Kaburini tuliunganisha amplifaya na betri ya gari. Lusajo, ambaye hakuwa amepiga rumba tangu aokoke, alipiga wimbo mmoja wa baba yake, swichi ikiwa katikati. Manyunyu yalikuwa yakianguka, na Ambilikile alisimama karibu naye akiikinga amplifaya kwa koti lake, yeye mwenyewe akilowa. Sauti ikajaa migombani hadi barabarani. Ilikuwa ile ile. Watu waliokuwa wakilia walinyamaza, na walionyamaza wakalia.

Wimbo ulipokwisha, mama yao alisema neno moja: "Angeisikia."

Tangu hapo ndugu hao hawakuachana. Na watu wa hapa wanapokuta wawili wanagombana, kila mmoja akiwa na haki yake, hawaulizi tena nani mbovu. Husema maneno yale ya kibandani.

Mama yao ndiye Bibi Tusekile. Jana mlimwona akiwashika mikono wale majirani, mkastaajabu kwa nini mwanamke mpole kama yule anawahimiza watu hivyo, kama aliyechelewa safari. Yeye anajua kungoja kulivyo. "Sumaku zote nzima," aliwaambia, "moja igeuke."