Majani Yaliyotupwa Uani

Wapendwa, jina la baba huyu siwatajii, msije mkaanza kutazamana humu ndani. Zamu ya jumuiya kusali ilikuwa imefika nyumbani kwake. Na sebuleni kwake kulikuwa na tangi la kioo la samaki wa mapambo, ambalo mama yake mzazi, aliyeishi naye, ndiye aliyelitunza.

Asubuhi hiyo baba akalitazama tangi akaona aibu. Majani ya majini yana madoa, mchanga una utando wa kijani. Wageni watasemaje? Akamwaga maji yote, akasugua mchanga kwa sabuni, akang'oa majani akayatupa uani. Akapanga maua ya plastiki, akajaza maji ya bomba, akawarudisha samaki.

"Mwanangu," mama akasema, "majani yale ndiyo pumzi yao. Na maji ya bomba yana dawa, mimi huyalaza kwanza kwenye ndoo."

"Mama, wageni wanakuja. Na wewe naomba ukae chumba cha uani mpaka waondoke. Hicho kikohozi chako..." Hakumalizia.

"Haya, baba," mama akasema, akaenda.

Wageni wakafika. Mwenyekiti wa jumuiya akataka kwanza kumwamkia mkubwa wa nyumba, kama ilivyo desturi. "Mama yuko wapi?"

"Amesafiri."

Amesafiri! Jamani, kutoka sebuleni hadi uani ni safari?

Wimbo wa kwanza haujaisha, samaki wakapanda juu, midomo wazi, wanatweta. Mmoja akalala ubavu. Baba akanyakua kikombe awachote, akasimama nacho mkononi, hajui aanzie wapi. Watu wameacha kuimba, wanamtazama yeye.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka. Mama akaingia anakohoa, amebeba ndoo ya maji aliyoyalaza tangu jana, na ndani yake yale majani aliyoyaokota uani. Akachukua kikombe mkononi mwa mwanawe, akawahamishia samaki ndooni mmoja mmoja, mpaka wakaanza kutulia.

Mwenyekiti akasema taratibu, "Shikamoo, mama. Tumeambiwa umesafiri."

Mama akamtazama mwanawe. "Marahaba. Ndiyo, nilisafiri. Nimerudi sasa hivi."

Yule baba alitamani ardhi ipasuke immeze. Kama mama angemsema mbele za watu, yeye angalau angejitetea. Lakini ukisitiriwa na yule yule uliyemficha, utajitetea kwa lipi? Akainamisha kichwa, akalia mbele ya jumuiya nzima.

Mnamcheka? Msimcheke. Sisi nasi tumemficha nani ili sebule ipendeze? Bibi anayerudia maneno? Ndugu aliyetoka kifungoni? Mtoto mlemavu? Tunawatoa machoni pa watu, kisha tunashangaa nyumba haina pumzi. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na yule tuliyemfungia uani, ambaye bado anatusitiri, tutamwambia nini?

Leo ukifika nyumbani, sebule iache ilivyo. Anzia uani, ukamwamkie.