Sampo Haikazwi Upande Mmoja

Sampo haikazwi upande mmoja. Ndivyo alivyosema mama Kiure kwenye kikao cha leo, nanyi mliokuwa mkipanga viti mkatazamana mkacheka, kwa kuwa mama yule hajawahi kushika usukani maishani mwake. Sasa mnaniuliza maneno ya gereji yameingiaje kwenye shauri la ndoa. Kaeni niwaambie. Methali hii haikutoka mbali. Ilizaliwa ua wa pili kutoka hapa, na ilianza namna hii.

Elisante, mwana wa Mzee Yonazi Mgonja, alikuwa na pikapu. Aliinunua baada ya kufanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge huko tambarare, na wakati ule hapakuwa na gari lingine upande huu wa mlima. Mkewe, Namsifu, alitoka Gonja. Kazi waligawana. Namsifu alizunguka kwa wakulima kupanga nani achimbe tangawizi lini, akahakikisha imeoshwa, imekauka na kutiwa kwenye magunia. Elisante aliishusha sokoni. Mgonjwa akizidiwa, au mama mjamzito akishikwa na uchungu, alishuka kwa pikapu hiyo hiyo.

Ungewaona kazini ungesema wamepatana. Lakini Elisante hakuwa mtu wa kuambiwa. Alikubali safari bila kumwuliza mwenzake, na akikuta mzigo haujawa tayari alipandisha sauti hata mbele za watu. Namsifu naye hakuwa jiwe. Alivumilia, alivumilia, kisha siku moja akajibu, na hapo ugomvi ukasikika mpaka kwetu. Ua wetu na wa kwao ulitenganishwa na safu ya migomba tu, kwa hiyo ninayowaambia sikusimuliwa.

Mzee Yonazi akiitwa kusuluhisha, dawa yake ilikuwa moja. Alimweka Namsifu mbele yake, akamwambia kwa upole kwamba nyumba hujengwa na mwanamke, kwamba mwanamume akirudi amechoka haongezewi maneno, basi aombe radhi yaishe. Namsifu aliomba radhi. Kwa Elisante Mzee alisema tu, "Na wewe, punguza." Yakaishia hapo. Msidhani mzee yule alikuwa na roho mbaya. Alimpenda mkwewe kuliko hata baadhi ya watoto wake. Lakini Namsifu alikuwa akikaa na kusikiliza, na Elisante alikuwa akinyanyuka na kuondoka, basi maneno yote yakamwendea yule aliyekaa.

Masika yalipoingia, mvua ilichukua udongo wa kona ya korongoni na kuacha jiwe limechomoza katikati ya njia. Namsifu aliliona alipokuwa akitoka kwa wakulima. Asubuhi ya soko alimwambia mumewe apitie njia ya shuleni, ingawa ni ndefu, maana pikapu ikiwa na mzigo hukaa chini na jiwe lile litaifikia. Elisante aliwasha gari akashika njia ya korongoni.

Hakufika mbali. Tulisikia mlio wa chuma, kisha kimya. Jiwe lilikuwa limepasua sampo. Sampo, kama hamjui, ni bakuli la chuma lililofungwa kwa bolti chini ya injini, na oili yote hukaa humo. Ikipasuka, oili humwagika, na injini ikiendelea kuzunguka bila oili hujisaga yenyewe mpaka ikafa. Elisante aliona taa nyekundu imewaka akazima mara moja, na hilo tumpe haki yake, maana bila hivyo pasingekuwa na injini ya kusimulia.

Vijana walifunga kamba wakaivuta pikapu hadi uani. Magunia yakashushwa na kupangwa ndani ya nyumba. Watu wote wale wakiwa wamesimama pale, Elisante akaanza kusema kwamba mzigo ulizidi, na aliyeuzidisha ni Namsifu. Namsifu akasema mzigo ni ule ule wa siku zote, na habari ya jiwe alimwambia. Ndipo Elisante akatamka neno ambalo halikupaswa kutoka. Alisema, "Gari hili halikutoka kwenu. Ukitaka la kuongoza, kalitafute Gonja."

Namsifu alimpa mgongo. Aliingia ndani.

Jioni Mzee Yonazi alikuja na dawa yake ile ile. Namsifu alipiga goti akaomba radhi, kwa kosa ambalo mpaka leo sijalijua. Lakini nilipoingia kwake kesho yake kuazima kinu, nikaona nguo za watoto zimekunjwa na kufungwa kwenye kanga. Nilimwuliza. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anangoja gari lipone na tangawizi ya watu ifike sokoni, kwa sababu wakulima wale walimwamini yeye. Baada ya hapo atakwenda kwao, na hadhani atarudi.

Sampo nyingine, iliyokwisha tumika lakini nzima, ilipatikana kwa wauza vipuri vya zamani huko mjini, ikapandishwa kwa basi mpaka njia panda. Fundi wa kuja huku juu hakupatikana. Elisante akaamua kuifunga mwenyewe hapo uani, baba yake akimwelekeza. Mzee Yonazi alikuwa dereva wa lori la ushirika ujanani mwake na alijua kazi hiyo, ila mgongo haukumruhusu tena kuingia chini ya gari. Aliketi kwenye kigoda karibu na gurudumu. Namsifu alikaa upande wake akishika sinia lenye bolti, maana zilikuwa nyingi na ndogo, na ikipotea moja kazi imeharibika.

Mzee alikataa mtu kuingia chini gari likiwa juu ya jeki peke yake. Waliweka magogo manene ya mkalitusi, wakazuia magurudumu kwa mawe, wakaisukuma pikapu kwa mabega kuona kama itatikisika. Haikutikisika. Elisante akaingia. Alifungua bolti moja moja, akaishusha sampo iliyopasuka, akakwangua gasketi ya zamani, ile karatasi ya kuziba kati ya sampo na injini, iliyokuwa imeng'ang'ania kwenye injini, akapangusa mpaka chuma kikang'aa. Akapachika gasketi mpya na sampo yake, akazishika bolti zote kwa vidole kwanza. Mpaka hapo kazi ilikwenda sawa.

Mzee akamwambia akaze kidogo kidogo: hapa kidogo, avuke upande wa pili kidogo, arudi, mpaka zote zishike pamoja. Lakini Elisante alikuwa na haraka, kwa sababu tangawizi ilikuwa imeanza kulainika ndani na harufu yake ilifika mpaka uani. Upande wa mbele spana ilizunguka bila taabu, akazikaza bolti za huko mpaka mwisho. Upande wa nyuma kulikuwa na chuma kipana kinachopita chini ya injini. Ili kuzifikia bolti za huko ilibidi kupinda mkono na kuchunika vidole, basi alizigusagusa akatoka.

Wakatia oili, wakawasha. Haikuchukua muda, uzi wa oili ukaanza kuteremka upande wa nyuma.

Elisante aliingia tena, na ninyi mtashangaa alichofanya. Badala ya kupindisha mkono kule nyuma, alizidi kukaza kule mbele, kana kwamba nguvu itasafiri ndani ya chuma mpaka ifike. Uvujaji ukaongezeka. Gasketi ikabanwa mpaka ikatokeza nje kama ulimi, na ukingo wa sampo ukapinda. Mzee akapiga kigoda kwa kiganja akamwambia aache.

Ilibidi yote yaanze upya. Oili ilikingwa kwenye beseni safi, sampo ikashushwa, ukingo wake ukanyooshwa kwa nyundo taratibu juu ya jiwe bapa. Mzee alikuwa na kipande cha karatasi ngumu ya gasketi alichokihifadhi tangu enzi za lori. Aliketi akaikata gasketi nyingine kwa mkono wake, kwa mkasi wa Namsifu wa kushonea. Elisante akarudi chini, tukawa tunaiona miguu yake tu.

Mzee akamweleza kama anavyoeleza mtu aliyechoka kurudia. "Sikiliza, mwanangu. Ulikaza zile zilizo karibu na mkono wako. Za nyuma ukaziacha kwa sababu zinasumbua. Ulipoona inavuja, ukarudi kuzionea zile zile ambazo zilikuwa zimekwisha kaza. Sampo haikazwi upande mmoja. Ukizidi huku, kule kunafunguka."

Namsifu akaliweka sinia chini.

"Baba," alisema, "naomba niseme neno, na kama nitakosea adabu unisamehe."

"Sema, mama Ombeni," Mzee akamjibu, akimwita kwa jina la mtoto wake.

"Hayo uliyomwambia mwanao, ndivyo mimi ninavyokazwa humu ndani. Tangu niolewe, kukitokea jambo, mimi ndiye ninayeambiwa nivumilie, mimi ndiye ninayepiga goti. Nimekaza mpaka sina pa kukaza tena. Na nyumba bado inavuja, Baba, kwa sababu haivuji upande wangu."

Mimi nilikuwa kwenye migomba na kikapu changu, nikabaki nimesimama. Mkwe kumwambia baba mkwe maneno kama hayo, kwetu lilikuwa jambo zito. Chini ya gari spana ilikuwa imenyamaza.

Mzee Yonazi hakukasirika. Aliuweka chini mkasi uliokuwa mkononi mwake. Kisha akasema, "Elisante, toka huko."

Elisante akatoka, uso na shingo vimejaa oili. Alitaka kusema kazi haijaisha. Baba yake akamwambia akae chini, naye akakaa pale pale kwenye udongo.

"Habari ya lile jiwe uliambiwa?"

Elisante akasema, "Niliambiwa."

"Na mzigo ulizidi?"

"Haukuzidi."

"Na lile neno la Gonja?"

Hapo Elisante aliinama. Baba yake hakumsaidia wala hakumwongezea neno. Mzee alimgeukia Namsifu akamwambia hivi, nami niliyasikia kwa masikio yangu: "Mama Ombeni, wewe nilikukaza kwa sababu unanisikia. Huyu nilimwacha kwa sababu niliogopa atanyanyuka aondoke, na mimi nibaki na aibu ya baba asiyesikilizwa. Nimekukosea."

Elisante alipomsikia baba yake akiomba radhi, ndipo kitu kilipomwingia. Alisema kwa shida, bila kumtazama mkewe usoni, kwamba lile jiwe aliliona kabla hajalifikia. Angeweza kusimama na kurudi nyuma. Lakini kurudi kungekuwa kukubali kwamba mkewe alisema kweli, na hilo lilimshinda. Akasema gari ni lao wote wawili, na bila Namsifu lingekuwa linashuka tupu.

Namsifu alimsikiliza mpaka mwisho. "Neno lile ulilisema mbele za watu," akamwambia. "Radhi hii tumeisikia mimi na Baba tu."

Elisante akasema atalirudisha mbele ya watu hao hao. Kisha akarudi chini ya gari, maana kazi ilikuwa inangoja.

Safari hii alikaza kidogo kidogo. Mzee alikaa akimwambia, "Sasa vuka," na baadaye tena, "Vuka." Kule nyuma tulimsikia akiguna, na mkono ulipotoka ulikuwa umechunika kuanzia kiwiko. Walipomaliza walitia oili, wakatandika boksi kavu la karatasi chini ya injini na kuwasha. Injini ilinguruma. Tukainama sote, hata mimi nilikuwa nimekwisha vuka migomba. Boksi lilikaa kavu. Walizima, wakangoja, wakawasha tena, bado kavu.

Vijana walipokuja kupakia magunia, Elisante aliwasimamisha akawaambia kwamba siku ile alisema uongo juu ya mzigo, na alimtukania mkewe kwao, na kwamba anaomba radhi. Aliyasema haraka haraka kama mtu anayemeza dawa chungu, lakini aliyasema yote. Sehemu ya tangawizi ilikuwa imeharibika, na Namsifu aliwafuata wakulima wenyewe kuwaeleza. Elisante alikwenda naye nyumba kwa nyumba.

Gonja Namsifu alikwenda vile vile. Alisema ameshawaambia moyoni mwake wazazi kwamba anakuja, na hataghairi. Elisante ndiye aliyempeleka na watoto kwa pikapu, akakaa mbele ya wakwe zake akaulizwa maswali, akayajibu. Namsifu alirudi alipojisikia kurudi. Ugomvi haukuisha duniani, mtu na mkewe ni watu, ila kuanzia hapo wakiitwa kikaoni waliitwa wote wawili, na aliyenyanyuka kabla ya wakati alirudishwa.

Mzee Yonazi aliendelea kuitwa kusuluhisha kijijini mpaka uzee ulipomfunga. Kila alipoona watu wamemzunguka mmoja, yule mpole, yule asiyejibu, wanamwambia avumilie, alikuwa akiinua mkono na kusema maneno aliyoyasema pale kwenye kigoda. Wengine wakayachukua, na leo yanasemwa na watu ambao wakionyeshwa sampo hawataitambua.

Mliona leo bibi harusi yule alivyokuwa akilia huku wazee wanne wakimhubiria zamu kwa zamu, na mume akichezea simu mlangoni? Ndipo mama Kiure alipofungua kinywa, na mume akaambiwa aweke simu, avute kiti, aje akae katikati. Hamkucheka tena hapo. Sasa mnajua kwa nini: sampo haikazwi upande mmoja.