Uhuru wa Bwana Rudd

Tegeni masikio, wajukuu zangu, na aliyeshiba asinisinzilie. Zamani, zamani zile ambazo hata nyanya yake nyanya yangu alikuwa bado hajazaliwa, ng'ambo ya bahari kuu palikuwa na nchi iitwayo Amerika. Nchi hiyo haikuwa na serikali yake. Ilitawaliwa na Mfalme wa Waingereza, aliyekaa mbali huko, hajapata kuikanyaga hata siku moja. Lakini kodi alitaka! Kodi ya chai alitaka, kodi ya karatasi alitaka, na askari wake walishwe na wenyeji.

Katika mji mmoja wa nchi hiyo aliishi mfanyabiashara, Bwana Elifaleti Rudd. Tumbo mbele, sauti mbele zaidi. Kila jioni alisimama barazani kwake akipiga kelele: "Mfalme anatufanya watumwa! Heri kufa kuliko kuwa mtumwa!"

Watu wakashangilia. Na nyuma yake, aliyemshikia koti ni nani? Keziya, mtumwa wake. Ndiyo, mtumwa! Mnacheka? Keziya hakucheka. Uani alikuwa mumewe, Kwaku, mtumwa vilevile, akipasua kuni za kumpasha joto huyo mpenda uhuru.

Basi vita na Mfalme vikaja. Wanaume wakaitwa, na Bwana Rudd akaitwa. Loo! Simba wa barazani akashikwa na tumbo, akajifunika blanketi, akaugua kama mwenye uchungu wa kuzaa. Mtu aliruhusiwa kumpeleka mwingine badala yake, basi akamsimamisha Kwaku kanisani mbele ya watu wote.

"Kanipiganie," akasema. "Ukirudi hai, wewe na mkeo mko huru. Mungu ni shahidi!"

Kwaku akaenda. Akalala kwenye theluji, akatafuna magome ya miti, akapigwa risasi ya paja, akapona, akapigana tena. Keziya akabaki akipika, akifua, akisubiri. Mwishowe Waingereza wakashindwa, wakapanda meli zao, wakaenda zao.

Kwaku akarudi akichechemea. Akamkuta Bwana Rudd mbele ya kioo, anavaa nywele za bandia. Tumbo lilikuwa limepona, bila shaka! Sasa alikuwa mheshimiwa, mjumbe wa baraza la kutunga katiba ya jimbo.

"Bwana, nimerudi. Nimefuata ile ahadi."

"Ahadi gani? Yale yalikuwa maneno ya vita. Pita nyuma, kuni zimekwisha."

Mnamwona mtu huyo, wanangu?

Siku ya kusomwa katiba, mji mzima ulijaa ukumbini. Bwana Rudd akajikohoza, akasoma: "Watu wote wamezaliwa huru na sawa!"

Vigelegele! Kofia zikarushwa. Keziya akaweka chini sinia la mikate, akasogea mbele.

"Bwana Rudd, nina swali."

"Rudi jikoni wewe!"

"Nitarudi ukishanijibu. Mimi ni mtu, au si mtu?"

Keziya akawageukia watu, akawaonyesha kwa mkono.

"Kama si mtu, waambie hawa ni kitu gani kilicholea watoto wako. Kama ni mtu, soma tena hapo ulipoishia."

Bwana Rudd akaanza kukunja karatasi yake. Ndipo mjane mmoja, Tabitha, akasimama nyuma: "Mimi nilikuwapo kanisani. Nilimsikia akiapa!"

"Hata mimi!" akasema mwingine. "Na mimi!"

Eti na mimi! Siku zote hizo walikuwa wapi? Ndimi walizimeza. Walingoja mwanamke mtumwa aanze.

Keziya na Kwaku wakampeleka Bwana Rudd mahakamani. Hakimu akamuuliza Bwana Rudd, "Uliposoma watu wote, ulimaanisha nani?"

"Nilimaanisha watu wa namna yetu," akajibu.

Hata rafiki zake waliozoea kula mezani kwake waliinamisha vichwa siku hiyo. Hakimu akaamua kuwa wako huru, na Keziya na Kwaku wakatoka kwa mlango mkubwa, wameshikana mikono. Keziya akalia njia nzima, bila kujificha.

Na wale waheshimiwa? Wakaunda serikali yao kubwa, wakaweka rais, wakaweka bunge, wakapongezana. Ndugu zake Kwaku wengi mno wakaachwa kwenye minyororo, mpaka wajukuu wa waheshimiwa hao wakapigana vita vingine, wao kwa wao, ndipo minyororo ikakatwa.

Kwa hiyo, wanangu, mkimsikia mtu anaulilia uhuru kwa sauti kubwa, msimshangilie haraka. Kaulizeni kwanza nyumbani kwake wanaishije.

Kisa changu kimechoka miguu. Mimi nakitua hapa, mwenye nguvu akibebe.